Je, Ni Haki Kumpa Mtoto Kazi ya Kuipima Mvua?



Neno tulitakalo kulifikiri pamoja nanyi mwezi huu laonekana dogo, tena la watoto. Katika nchi nyingi wanafunzi wa shule wamepewa kazi ya kupima mvua, joto, maji ya vijito na uzima wa miti, na hesabu zao hupelekwa kwa wataalamu wachunguzao mabadiliko ya tabia ya nchi na njia za kuyakabili. Mpango mmoja wa namna hiyo, uitwao GLOBE, ulianza kazi mwaka 1995 huko Marekani, na shule za nchi zaidi ya 100 zimepata kuwamo. Hapa Afrika kuna mpango mwingine, TAHMO, uliobuniwa na wataalamu wa Uholanzi na wa Marekani, ambao huweka mitambo midogo ya hali ya hewa katika viwanja vya shule, Kenya na Uganda na penginepo, ili mwalimu apate cha kufundishia na mtambo upate mlinzi. Watu wengi wameisifu kazi hii. Sisi nasi twaisifu, ila si kwa haraka, kwa kuwa kabla ya kumtwika mtoto mzigo yapasa kuuliza kwanza mzigo huo ni wa nani.

Joto la dunia limeongezwa na moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, uliotoka katika viwanda na mitambo ya nchi kubwa kwa muda wa zaidi ya miaka 150. Sehemu ya Tanzania katika hewa hiyo yote haifiki moja kwa mia. Na sehemu ya mtoto wa Makanya, aamkaye alfajiri na ndoo kichwani, tuihesabu kwa kipimo gani? Mtoto huyu hakuchoma kitu ila kuni chache za uji wake. Tukimwita mbele ya darasa na kumwambia, "Wewe ndiwe utakayeiponya nchi," twamtia hatia isiyo yake, na pengine twamtia hofu pia. Tumesikia hotuba za namna hiyo katika sikukuu za shule, wala hazikutupendeza. Mzee aliyekata msitu kwa shoka lake, kisha akamkabidhi mjukuu mche mmoja na kwenda zake kupumzika, hatuwezi kumwita mwalimu. Ni mdaiwa akimbiaye deni.

Lakini kulipa deni ni neno moja, na kulijua ni neno jingine. Mrithi wa nyumba hakulitoboa bati yeye mwenyewe. Hata hivyo yeye ndiye atakayelala humo masika ijayo, naye ana haki ya kuonyeshwa mahali panapovuja. Kwa hiyo sisi twaamua hivi: kazi hii isitolewe kama adhabu, wala isiwe njia ya wakubwa kujivua wajibu wao. Mtoto apewe kwa kuwa ni haki yake kuijua nchi atakayoishi.

Sasa tuitazame nchi ya Upare, maana hapa neno hili lina uzito kuliko mahali pengi. Mji wa Same uko katika tambarare kavu, kimo cha mita 860 hivi, na milima imesimama juu yake hata kilele cha Shengena, mita 2,462. Pepo ziletazo mvua hutoka upande wa bahari, zikapanda mabega ya mashariki na kuacha maji yao mengi huko. Upande wa magharibi, yaani Same, Mwembe na Makanya, hupata masazo. Mtu aweza kuondoka Mamba Miamba nguo zake zikiwa zimelowa, akafika Same mjini akakuta vumbi. Wilaya ina kata zaidi ya 30. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina kituo chake Same mjini, na kazi yake ni njema, lakini kituo kimoja hakiwezi kushuhudia yaliyotokea Gonja na Vudee na Chome kwa siku moja.

Mwezi wa Novemba mwaka 2009 mvua kubwa ziliishukia milima hii, udongo ukaporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, watu zaidi ya 20 wakafa. Hatusemi kwamba kipimo cha mvua katika uwanja wa shule kingaliwaokoa. Hilo hakuna awezaye kulisema. Twasema tu ya kwamba mlimani watu hufa kwa mvua ambayo huenda bondeni haikuonekana, na atakaye kuijua mvua ile hana budi kuipima kulekule. Na ni nani akaaye huko siku zote, mwenye uwanja wazi, mwenye daftari na kalamu, mwenye watu wa kupokezana? Ni shule.

Wala kazi yenyewe si ngeni. Tangu zamani za utawala wa Wajerumani zilikuwako stesheni za misheni zilizoweka vipimo vya mvua, na idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1929, ilitegemea sana watu wa kujitolea: wamisionari, wenye mashamba, walimu. Huko Marekani tangu mwaka 1900 watu wa kawaida hutoka siku za Krismasi kuhesabu ndege, na hesabu zao zatumiwa na wataalamu hata leo. Basi asemaye kwamba elimu ya viumbe ni ya wenye shahada peke yao, na ajibiwe kwa madaftari hayo.

Wazee wetu nao walikuwa na elimu ya mvua. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya Wapare, amezieleza koo zilizoheshimiwa kwa kazi hiyo. Elimu ile ilikuwa siri. Aliyezijua ishara alinyamaza, na katika kunyamaza kwake ndimo ulimokuwa uwezo wake. Hatuwacheki. Yamkini wengine wao walikuwa watazamaji hodari wa upepo, wadudu na maua ya miti kuliko wengi wetu tulioenda shule. Ila kipimo cha mvua hakina siri. Mtoto wa mjane na mtoto wa diwani wakikitazama chombo kilekile, wataona mstari uleule. Mkubwa akisema ilinyesha milimita 30, na mtoto akasema 12, hakuna wa kuwaamua ila chombo. Neno hili ni kubwa kuliko lionekanavyo, nalo litatuletea shida, kama tutakavyoona mbele.

Kipimo husomwa kila siku saa tatu asubuhi. Mtoto huinama hata jicho lake liwe sawa na uso wa maji, akasoma chini ya mkunjo wa maji, wala si kandokando ambako maji yamepanda ukutani mwa kioo. Kisha huandika papo hapo. Wengine husomesha watoto wawili, kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana, ndipo walinganishe. Njia hiyo twaipenda. Hayo yote ni mepesi.

Gumu ni siku ambayo hakuna aliyesoma. Ilikuwa Jumapili, au mtoto wa zamu aliugua. Jumatatu mwalimu afungua daftari, aona nafasi tupu, nayo yamkera, kwa kuwa tumezoezwa kudhani ya kwamba daftari jema ni lile lililojaa. Basi aandika 0. Sifuri ile ni uongo. Maana yake ni, "Tulitazama, haikunyesha," lakini nafasi tupu yasema, "Hatukutazama." Hizi ni habari mbili, na mtaalamu atakayezijumlisha baada ya miaka mingi hana njia ya kuzitenga tena. Kama Jumatatu chombo kina milimita 24, na iandikwe, "Milimita 24, siku mbili," na yatosha. Waliojifunza Katekisimo waijua amri ya nane, na wengi hudhani yahusu jina la jirani tu. Je, mtu aweza kuishuhudia mvua uongo? Twasema aweza, kwa kuwa nyuma ya mvua ile yuko mkulima atakayepanda kwa kuifuata hesabu yetu.

Hapa shule nyingi zina ugonjwa ambao hatuna budi kuutaja. Mtoto aliyefundishwa kwa fimbo ya kwamba jibu tupu ni kosa, atalijaza jibu. Atayakumbuka mawingu ya jana na kukisia 5. Mwalimu atakaye hesabu za kweli sharti ampe mtoto ruhusa ya kusema "sijui" na "nilisahau" pasipo kuadhibiwa. Watu husema, samaki mkunje angali mbichi. Mithali hiyo haitufai sana katika kazi hii, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kukunjwa huandika tarakimu zilizokunjwa.

Kuna neno la muda pia. Wataalamu wa hali ya hewa wa dunia yote huchukua miaka 30 kuwa kipimo cha kuijua tabia ya mahali. Mvua ya mwaka mmoja haisemi kitu. Ya miaka mitano husema kidogo. Mtoto wa miaka 10 aanzaye leo atakuwa na miaka 40 daftari lake litakapoanza kusema sawasawa. Twajua ya kwamba barafu ya Kilimanjaro ilipunguka kwa asilimia 85 hivi kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007, na twalijua kwa sababu ramani ya barafu ile ilichorwa mwaka 1912, na watu ambao hawakujua jinsi kazi yao itakavyotumiwa baadaye. Uvumilivu wa namna hiyo ni mgumu hata kwa watu wazima. Ni madaftari mangapi ya vikao vya vijiji vyetu yaliyokwisha kuliwa na mchwa? Basi tusimdai mtoto miaka 30 ya imani tupu. Apewe na faida aionayo mwezi huuhuu.

Nayo ipo. Tuchukue paa la bati la darasa moja, lenye eneo la mita 60 za mraba. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 10 basi yaleta lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Mtoto achotaye maji mbali hahitaji kuelezwa maana ya ndoo 30. Shingo yake yaijua. Mahali panapopata milimita 500 kwa mwaka, paa hilo moja hupokea lita 30,000, ndoo 1,500, na hata tukiondoa zimwagikazo zabaki nyingi. Hesabu hiyo ikifanywa ubaoni na watoto waliosoma kipimo wenyewe, wataanza kuuliza mbona paa halina mfereji, wala uwanja hauna tangi. Swali litamfikia mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha diwani. Mtoto hakuiponya nchi. Ameuliza swali lenye tarakimu ndani yake, na swali la namna hiyo ni vigumu kulijibu kwa hotuba.

Katika bonde la Makanya watu wamezoea tangu zamani kuyagawa maji machache kwa akili. Ndiva zao, yale mabwawa ya udongo na mawe, hujazwa usiku kwa maji ya kijito, na mchana hufunguliwa maji yakaenda katika mifereji kwa zamu. Zikiharibika hutengenezwa kwa msaragambo. Katika miaka ya 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Uholanzi, Uswidi na Afrika Kusini, walifanya kazi katika bonde hilo, wakapima mvua na mito, tena wakajaribu pamoja na wakulima njia za kulima penye ukame: kuyaelekeza maji ya mvua shambani, kujenga matuta ya fanya juu, kuupasua udongo bila kuugeuza wote. Shule yaweza kufanya vivyo hivyo kwa udogo. Vipande viwili vya bustani, kimoja kimefunikwa kwa majani makavu na kimoja kiko wazi, mbegu ileile, siku ileile, na mizani siku ya kuvuna. Ila mwalimu asitangaze mapema ni kipande kipi anachotumaini kitashinda. Akitangaza, watoto watakimwagilia kwa siri. Hatuwalaumu, wampenda mwalimu wao.

Sasa tuje kwenye shida tuliyoitaja. Kila mwaka miche hupandwa kwa sherehe, na hesabu ya iliyopandwa hutangazwa. Ni nadra kusikia hesabu ya iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Tuseme, kwa mfano tu, shule moja ilipanda miche 500, na mwaka uliofuata watoto wakaihesabu wakakuta 90. Taarifa iliyokwenda ofisini yasema 500. Mwalimu afanye nini? Akimwambia mtoto, "Andika 90 katika daftari lako, lakini mgeni akija useme 500," amemfundisha somo ambalo vipimo vyote vya dunia havitalifuta, ya kwamba kuna tarakimu za kujua na tarakimu za kuonyesha wakubwa. Afadhali shule isipime kabisa kuliko ipime hivyo.

Lakini si haki pia kumsimamisha mtoto mbele ya mkutano awaaibishe watu wazima, kisha aachwe peke yake na hasira yao. Hesabu na itoke kwa jina la shule, na mwalimu aitie sahihi yake. Mtoto amepima, kuisimamia kweli mbele ya wakubwa ni kazi ya mtu mzima aliyemtuma. Hapa ndipo tunapomtambua mwalimu. Na hesabu ile ikisemwa wazi, watu watapata nafasi ya kuuliza ni miti gani ile 90 iliyopona: ni ile iliyo karibu na maji, au ile iliyozungushiwa miiba mbuzi wasiifikie, au ni ya aina fulani iliyovumilia jua? Ndani ya 90 mna elimu ya kupanda mwaka ujao. Ndani ya 500 hamna.

Kuna mpaka mmoja ambao twautaka uheshimiwe. Mwezi wa Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwa kusudi kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 waitumie nishati hiyo. Kusudi ni jema, na mapafu ya akina mama yanalihitaji. Lakini mtu akiwaagiza watoto waandike mama zao huchoma mizigo mingapi ya kuni, na wameikata wapi, hasa vijijini karibu na msitu wa hifadhi wa Chome, amewafanya wapelelezi wa jiko la nyumbani. Hilo twalikataa kabisa, hata likiitwa elimu. Mvua ni ya wote, na mto ni wa wote, na miti ya shule ni ya wote. Chungu cha mama si cha wote. Atakaye kujua habari za kuni na apige hodi, amwulize mwenyewe.

Na hesabu zikipelekwa mbali, zirudi. Mtoto apelekaye tarakimu zake miaka mitatu asipate kusikia zimefanya nini, amelima shamba la mtu. Huko Dar es Salaam, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa walichora ramani za mifereji na za mahali pa mafuriko, na ramani zile zikaachwa wazi kwa kila mtu. Sharti hilo na liwe la shule zetu pia: nakala moja ya kila mwezi ibandikwe mahali mkulima apitapo, penye ofisi ya kijiji au mlangoni pa shule, kwa maandishi makubwa.

Limebaki neno la likizo. Shule hufungwa mwezi wa Desemba, na pengine mvua za vuli bado zanyesha. Daftari lenye pengo kila Desemba lina kasoro kubwa. Wachaguliwe watoto wawili au watatu wakaao karibu, na mtu mzima mmoja pamoja nao, majina yao yaandikwe katika ukurasa wa mwezi huo. Daftari likae shuleni, ndani ya kopo lenye kifuniko kwa ajili ya mchwa, wala lisipelekwe nyumbani kwa mtu. Katekista akaaye jirani na shule aweza kusaidia siku za Jumapili. Ikiwa ibada imeanza saa tatu, na asome baada ya ibada, na kando ya hesabu aandike saa aliyosoma.